Kete moja mbele

Wiki hii nimechora miraba 64 kwenye kipande cha boksi ili nicheze latrunculi, mchezo wa vita wa Warumi. Sheria kamili hazikutufikia, ila kiini chake kinajulikana: kete ya adui unaila kwa kuibana katikati ya kete zako mbili. Basi kete iliyojitenga na wenzake iko hatarini, na hilo Wagiriki, waliokuwa na mchezo wao kama huu, walilijua. Mwanafalsafa wao Aristotle alimfananisha mtu asiye na mji na kete iliyobaki peke yake.

Lakini anayenikaa moyoni ni Mrumi mmoja, Julius Canus. Mwanafalsafa wa Kirumi Seneca anasimulia kwamba Kaisari Caligula alimhukumu kifo, na akida alipokuja kumchukua alimkuta akicheza. Canus akazihesabu kete, akamwonya mwenzake asije akadai kwamba yeye ndiye aliyeshinda, kisha akamwomba akida awe shahidi kuwa yuko mbele kwa kete moja.

Kete moja tu! Jana usiku nilikuwa mbele kwa moja vilevile, nikaacha kusogeza, nikabaki nimeutazama ubao kwa muda mrefu nikimfikiria.