Nilivyolitambua boksi la lori la jeshi na kuligeuza karakana

Anayetaka kununua boksi la lori la jeshi kwenye yadi ya chuma chakavu aende na sumaku mfukoni. Hili langu lilikuwa limekaa chini bila chesisi, limepakwa mabaka ya kijani, kahawia na meusi, na mwenye yadi alichojua ni kwamba lilikuwa la Wamarekani, basi. Sumaku ilinasa kwenye kuta zote. Hapo hapo nikajua si vibanda vya mawasiliano kama S-280 na mdogo wake S-250, ambavyo ni alumini nje na ndani, katikati povu, na viliundwa kupakiwa juu ya gari na kushushwa kama mzigo. Langu lilikuwa bati la chuma juu ya mbavu za chuma, na chini lina mihimili mirefu yenye matundu ya bolti. Lilifungwa kwenye chesisi likawa kitu kimoja nayo.

Milango miwili nyuma, madirisha ubavuni yenye wavu mzito: dalili zote zilielekea M109, karakana ya kutembea ya jeshi la Marekani iliyobebwa na lori la tani 2.5 la ekseli tatu zote zikivuta, ukoo ule ule wa M35, lori la mizigo la jeshi hilo. Kuta hazikuwa na reli wala kiungo cha kuvutika nje, kwa hiyo halikuwa M292, ambalo ubavu wake hutanuliwa lori likishaegeshwa. Lipo pia M185, la kutengenezea vyombo vya vipimo, ila hilo lilitofautiana na M109 zaidi kwa vifaa vya ndani, na ndani mwangu vifaa vilishakwenda na upepo. Kwa kazi yangu hilo halikunisumbua.

Kilichonisumbua ni umri. Kibao cha utambulisho kiling'olewa, yakabaki matundu manne ya ribiti. Watu wengi wakifika hapo hukata tamaa wakaangalia rangi, na rangi ni shahidi mwongo. Mabaka yale ya rangi tatu ni ya miaka ya 1980, lakini malori haya yalirudishwa karakana kuu za jeshi, yakafumuliwa, yakapakwa upya na kutumwa tena kazini. Nilichukua msasa laini wenye maji nikasugua eneo la kiganja karibu na bawaba: chini ya mabaka kukatokea kijani cha zeituni kilichofifia, na chini yake kijani kingine cha zeituni, hiki kina mng'ao. Boksi lilikuwa na maisha marefu kuliko koti lake.

Ushahidi wenyewe niliupata kwenye vitu vidogo. Kila kipuri cha jeshi la Marekani kina namba ya ghala, na namba hiyo husomeka ukijua kanuni zake. Tarakimu nne za mwanzo hutaja kundi la kitu: 2320 ni malori, 2510 ni sehemu za bodi na fremu, 6220 ni taa za magari, 4520 ni vifaa vya kupashia joto. Hadi 1974 namba ilikuwa na tarakimu 11. Mwaka huo ziliongezwa mbili baada ya zile nne, za kutaja nchi iliyoiingiza kwenye orodha: 00 na 01 ni Marekani, 99 Uingereza, 12 Ujerumani. Taa moja ya dari, nilipoifuta masizi, ilikuwa na kibandiko cha bati chenye 6220 na jumla ya tarakimu 11. Kipasha joto kilikuwa na 13, zenye 00. Yaani taa ni ya mfumo wa zamani, kipasha joto kililetwa baadaye. Namba ya taa peke yake haithibitishi mwaka wa boksi, lakini ukiiweka pamoja na ile rangi ya chini kabisa, mimi nikaridhika kwamba boksi lilizaliwa kabla ya 1974.

Kujua hivyo kulibadilisha namna ya kulifanyia kazi. Rangi za magari ya enzi hizo mara nyingi zina risasi au kromati, na ile ya mabaka ya miaka ya 1980 ina kemikali ambazo hutaki zikuingie mapafuni. Kwa hiyo hakuna grenda kavu, hakuna moto wa kubandulia rangi. Nilikwangua penye kutu tu, nikilowesha, nikivaa barakoa yenye vichujio, uchafu wote ukaingia kwenye plastiki. Palipokuwa pagumu na pazima nilipaacha nikapaka juu yake. Sioni faida ya kubandua rangi iliyoshika vizuri kuliko yoyote nitakayonunua.

Kutu yenyewe ilikuwa imejificha chini, si pale ilipoonekana juu. Maji huingia kwenye maungio ya paa, hushuka nyuma ya bati la ndani, yakakaa pale ukuta unapokutana na sakafu. Nilifungua bati la ndani upande mmoja, nikakata kipande kilichooza, nikachomelea kipya, kisha nikatoboa vitundu vya kutolea maji ambavyo havikuwepo. Maungio ya paa niliyaziba kwa gundi ya poliyurethani. Silikoni niliikataa, rangi haishiki juu yake.

Kreni ililiweka juu ya nguzo fupi za zege zilizo chini ya ile mihimili mirefu. Usilikalishe boksi la namna hii kwa pembe zake nne, halikuundwa kubebwa hivyo, na milango ikianza kukwama ujue limepinda.

Waya zote za zamani nilizitoa. Magari haya ya baada ya Vita vya Pili hutumia volti 24, na insulesheni ilikuwa inamomonyoka mkononi. Kitu kimoja nilikibakiza: swichi ya mlangoni. Jeshini ilizima taa mlango ukifunguliwa, adui asione mwanga. Niliigeuza, sasa mlango ukifunguka taa inawaka.

Rafiki zangu walitaka nikate dirisha kubwa la kioo mbele, pawe kama sebule. Nilikataa. Mbavu ndizo zinazobeba paa, na tundu lolote jipya nililitoa kati ya ubavu na ubavu: la feni, la waya wa umeme, basi. Meza ya vaisi, kile chuma cha kubania kazi, nimeifunga kwenye matundu yale yale ya bolti yaliyoachwa na meza ya fundi wa jeshi, na hata kipenyo cha bolti kimekubali.