Kipanya changu, chumba changu cha kulala

Nimegeuza kipanya, yaani daladala ndogo, kuwa chumba cha kulala cha safarini, na kosa la kwanza lilikuwa kitanda. Nilinunua Toyota HiAce kuukuu, injini ya dizeli aina ya 5L, iliyozeekea kwenye barabara za Dar es Salaam ikibeba abiria. Nikang'oa viti (boliti zake ninazo mpaka leo kwenye kopo), nikaenda Keko kwa fundi seremala. Nilitaka kitanda kirefu, uvungu mkubwa wa kupanga mizigo. Fundi akapima kwa futi yake, akaniuliza, “Bosi, ukikaa hapo juu utaenea?” Nikamwambia apige kazi.

Kutoka sakafuni hadi darini ni sentimita 130 hivi. Miguu ya kitanda ilikuwa sentimita 70, juu yake plaiwudi na godoro la sponji la inchi 4. Hesabu ya darasa la tatu ilinishinda. Usiku wa kwanza niliingia kitandani kwa kifua, kama mkate unaosukumwa kwenye tanuri, na mke wangu, Mama Nasra, alicheka mpaka akashuka garini. Tulirudi Keko miguu ikakatwa ibaki sentimita 30. Sasa naweza kukaa, ila dumu la lita 20 halipiti uvunguni likiwa limesimama. Nimelifunga kwa kamba nyuma ya kiti cha dereva, nikalitoboa na kulifunga koki ya plastiki. Uvunguni tunaweka mabeseni ya bapa.

Safari ya kwanza ya kweli ilikuwa Pangani. Joto la pwani ndani ya bati si la kuhadithiwa. Pazia za kitenge alizoshona mke wangu zilipendeza sana, lakini jua likishapita kioo, joto limeshaingia. Pazia linaficha watu tu. Kilichosaidia ni zile karatasi za kung'aa za kuzuia jua ambazo machinga huuza kwenye foleni. Nilinunua sita, nikazikata kwa umbo la kila dirisha ili zibane zenyewe bila gundi, upande wa kung'aa ukitazama nje. Mchana tukiegesha ninavuta turubai kutoka paani hadi kwenye mti, upande wa magharibi. Kivuli cha nje kinashinda chochote utakachoweka ndani. Darini nimebandika mkeka wa ukindu. Hauzuii joto sana, nakiri, ila ukilala chali unafurahi.

Joto lingine lilitoka chini. Kwenye kipanya cha aina hii injini iko chini ya viti vya mbele, na raba inayozunguka mfuniko wake ilikuwa imeliwa. Tulikuwa tunavuta hewa ya moto yenye harufu ya dizeli tangu Chalinze tukidhani ndivyo gari lilivyo. Raba mpya nilipata Gerezani, nikaibadilisha mwenyewe asubuhi moja.

Halafu mbu. Ukifunga madirisha unaiva, ukifungua unaliwa. Hapa ndipo ninapojivunia. Mlango wa friji una raba yenye ukanda wa sumaku ndani yake, na kila fundi friji ana milango mibovu imemlundikania. Wa mtaani kwetu alinipa raba tatu kwa shilingi 5,000. Fundi cherehani akakata chandarua cha zamani, akashona ukanda ule kwenye kingo. Ninafungua kioo, ninabandika neti kwa nje kwenye bati, inakaa tak! Ila uikumbuke kabla ya kuondoka. Moja imebaki barabara ya Segera.

Usiku huohuo wa Pangani niliunganisha feni ndogo ya volti 12 na taa kwenye betri ya gari, simu tatu zikichajiwa hapohapo. Betri yenyewe ilikuwa imechoka. Alfajiri nikazungusha ufunguo, ikajibu tik. Vijana wa bodaboda wakasukuma, nikaachia klachi kwenye gia ya pili, ikashika. Niliporudi Dar nilimpelekea fundi umeme wa magari. Akafunga betri ya pili, saizi ya N50, pamoja na rilei, swichi inayojiwasha yenyewe: injini ikiwaka zote mbili zinachajiwa, ikizima zinatengana, kwa hiyo feni haigusi tena betri ya kuwashia. Alisisitiza fyuzi iwe karibu kabisa na betri, maana waya ukichubuliwa na bati katikati ya njia ndio unaounguza magari. Na nisiinyonye kupita nusu, betri za aina hii hufa mapema ukizimaliza kila usiku. Betri na kazi yake ndivyo vilivyokula karibu nusu ya fedha zote nilizotumia, na sijutii hata shilingi.

Lushoto, mwezi wa Julai, tatizo likageuka. Baridi ilitufanya tufunge kila kitu, na asubuhi vioo vilikuwa vinatiririka maji ya pumzi zetu wenyewe. Nilipoinua godoro, chini lilikuwa limelowa na limeanza kuota ukungu. Plaiwudi ilikuwa ya baridi, godoro la moto, hakuna hewa katikati. Nikaing'oa nikaweka chaga za mbao zilizoachana vidole vitatu. Na hata baridi ikiwaje, sasa tunaacha madirisha mawili yanayokabiliana wazi kidogo, tunaongeza blanketi la mtumba kutoka Karume.

Mama Nasra alipendekeza tuingize jiko la mkaa dakika tano tu tupate joto. Hapo nilikuwa mkali. Hewa yake ya sumu haina harufu, unalala nayo huamki. Hata gesi, mtungi wetu wa kilo 6, tunapikia nje chini ya mlango wa nyuma uliofunguliwa juu, ambao ni paa zuri mvua ikinyesha ya wastani.

Vipande viwili vya mbao vya kupandishia tairi mahali palipoinama nilivipata bure, na chupa ya maji iliyolazwa sakafuni ndiyo pimamaji yangu.

Imebaki feni ya paani. Fundi anasema ni tundu moja tu, nusu saa. Nimelitazama lile bati mara tatu na msumeno mkononi, na mara tatu nimeurudisha.