TV za kisogo za Nam June Paik, na fundi wetu wa Langoni

Binamu yangu anaishi London, na ile 2019 makumbusho ya sanaa ya Tate Modern walipofungua maonyesho makubwa ya Nam June Paik alienda akanirushia mavidio kibao Whatsapp, nimeyaweka mpaka leo. Juzi nikampelekea ami mmoja hapa Langoni, fundi wa TV, manake mimi nilitaka kusikia mtu anayezijua kwa ndani atasema nini.

Kama humjui Paik, ni Mkorea, alizaliwa Seoul 1932 akafariki Marekani 2006. Alisomea muziki, halafu 1963 huko Wuppertal, Ujerumani, akajaza matelevisheni kwenye nyumba ya sanaa na kuanza kuzichezea picha.

Ya kwanza niliyomwonyesha ami ni ile bustani, TV zimelazwa katikati ya majani mabichi. Ami kashtuka, "Na hayo maua yanamwagiliwa na nani?" Wallahi nilicheka. Mtu anayepigana na chumvi ya bahari kila siku kwenye saketi za watu utamwambia nini kuhusu unyevu. Ya sanamu ya Buddha anayejitazama kwenye TV kupitia kamera (hiyo ni ya 1974) haikumbabaisha, eti hiyo si ni CCTV tu kama ya dukani.

Lakini ile ya sumaku alinyamaza kidogo. 1965 Paik aliweka sumaku kubwa juu ya TV, picha ikajikunja ikawa maumbo ya ajabu. Sisi tuliokulia na hizo TV za kisogo tunajua, weka spika karibu na skrini rangi zinaharibika, ila sisi tulifokewa yeye akaingizwa makumbusho, haya. Ami akanieleza ile miale ndani ya tyubu (hicho kioo kikubwa cha ndani chenye kisogo) ndiyo inayopindishwa na sumaku, kwa hivyo weka sumaku hiyo hiyo juu ya flati skrini na hakuna kitakachotokea.

Hapo ndipo niliona shida yenyewe. Kule Korea kuna mnara wake wa 1988, TV 1,003, mita 18.5 kwenda juu, ulizimwa 2018 kwa sababu ya usalama ukaja kuwashwa tena 2022, na TV 266 ndogo zimebadilishwa zikawekwa LCD, yaani flati skrini. Kwangu mimi hiyo sawa, pale TV zinaonyesha vidio tu. Ya sumaku utabadilisha na nini? Tyubu ikifa na kazi imekufa, labda apatikane mtu mwenye nyingine. Na hao watu ni mafundi, si maprofesa. Hata Paik mwenyewe mashine yake ya kuchanganya rangi za vidio aliitengeneza na injinia Mjapani, Shuya Abe, ila ukiuliza watu utatajiwa Paik peke yake.

Sasa ami ana rundo la TV za kisogo tangu 2015 tulipohamishwa dijitali, na ananisumbua nimuulizie: hao wa makumbusho wananunua TV nzima au tyubu peke yake?