Nilikuwa na pini mdomoni

Mdogo wangu ameolewa Jumamosi, yote yamekwenda salama, na asanteni kwa salamu zenu. Picha nitaweka nikipata nguvu. Lakini tangu wiki iliyopita nikikaa kwenye cherehani sisikii nyimbo za harusi. Nasikia neno moja tu la Mama.

Ilikuwa Jumanne jioni. Alikuwa amesimama mbele yangu na gauni lake la zambarau, lile nililolibana kiunoni miezi mitatu iliyopita, na sasa lilikuwa linamning'inia tena. Nikachukua sentimita mbili kila upande, nikachoma pini, nikarudi nyuma kumtazama. Nikamwambia hivi, na nayaandika maneno yangu kama yalivyotoka:

“Mama, umependeza. Umepungua vizuri.”

Akanyamaza, akavuta pumzi. Mnajua siku hizi hamalizi sentensi kwa pumzi moja, mapafu yake yameziba.

“Sijapungua, mwanangu,” akasema. Akavuta nyingine. “Ninaisha.”

Nilikuwa nimeshabana pini nyingine tatu kwa midomo. Nikajibu “mmh” na kuendelea na kwapa la kushoto.

Hiyo “mmh” ndiyo inayoninyima usingizi. Nimejaribu kukumbuka kama alitabasamu alipolisema. Nilikuwa nimeinama kwenye mshono, sikumwona uso. Sauti yake haikuwa ya kulalamika. Ilikuwa kama anavyonirekebisha nikikosea jina la mtu, kwa upole, halafu anaendelea na mambo mengine. Labda alitaka niache gauni nimwangalie. Labda hakutaka chochote. Ningetoa pini mdomoni ningejua.

Wanaonisoma tangu zamani wanakumbuka habari za presha yake. Daktari alisema apunguze chumvi na atembee. La kupunguza sahani nililiongeza mimi. Nilimpakulia nusu, nikamwondolea mafuta, na kila uzito ukishuka nilimpongeza, kwa sababu nilijua jambo moja tu kuhusu moyo: unene ni adui yake. Na kwa mtu mwenye mapafu mazima ushauri huo una maana. Wakati ule alikuwa na kilo 64 kwa urefu wa mita 1.58, yaani BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 25 na ushee, amezidi kidogo mno. Kisha mwaka jana mapafu yakamzidia mara mbili, akapewa prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, mashavu yakajaa. Mimi nikaona mashavu, nikasema anenepa, nikabana sahani zaidi. Sikujua kwamba dawa hiyo, ikitumika kwa muda au mara kwa mara, inaweza kuujaza uso huku ikila misuli ya mapaja.

Alhamisi tukaenda kliniki ya mapafu. Mizani ikasema kilo 51. Nesi akaandika, akahesabu, akainua uso: “Mama, nani amekwambia upungue?”

Mama akanitazama mimi. Nikasema, “Ni kwa ajili ya moyo, dada.”

Hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa, na ninamshukuru kwa kukaa kule. Alinieleza kwamba mtu mwenye mapafu yaliyoziba anafanya kazi ya kupumua mchana na usiku, na kazi hiyo inakula nguvu kama kazi nyingine yoyote. Hewa inanasa ndani, kifua kinabaki kimejaa, kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinasukumwa chini na kulala bapa. Akila akashiba, tumbo linakisukuma kutoka upande wa pili. Ndiyo maana Mama huacha chakula katikati na kusema ameshiba, na mimi nilikuwa nafurahi. Anachoka kutafuna huku anatafuta pumzi. Chakula kisipotosha, mwili unachukua kwenye misuli, na kiwambo ni msuli, na moyo wenyewe ni msuli.

Kwenye wagonjwa wa aina hii, akasema, imeonekana kwa miaka mingi kwamba waliokonda wanakufa mapema kuliko wenye mwili kidogo. Kuna kipimo kinaitwa BODE, kilichapishwa mwaka 2004, cha kukadiria hali ya mgonjwa. Kinaangalia mambo manne: BMI, kiasi cha kuziba kwa njia za hewa, jinsi anavyohema, na umbali anaotembea kwa dakika 6. Kwenye BMI, anayepata 21 au chini yake anahesabiwa alama ya hatari. Mama ana 20.4.

Nikauliza kama basi mafuta yanaulinda moyo. Akasema nisikimbie upande wa pili. Kitambi kikubwa bado ni mzigo kwa moyo na kwa pumzi, na huenda kukonda ni dalili tu kwamba ugonjwa umeshafika mbali. Tena mtu anaweza kuonekana mnene na ndani misuli imekwisha. Wenye ugonjwa huu wengi ndio hao hao wenye ugonjwa wa moyo, na upande wa kulia wa moyo ndio unaosukuma damu kuipitisha kwenye mapafu. Mishipa ya mapafu ikibana, upande huo unasukuma dhidi ya mlango mgumu mpaka unachoka. Kilo peke yake haisemi yote, akasema, inabidi kujua ni kilo ya nini.

Halafu akatafuta kitu droo zote mbili. “Mna futi?”

Mimi ni fundi. Futi haitoki kwenye mkoba wangu. Nikampa. Akamzungushia Mama kwenye shavu la mguu, pale panapojaa zaidi, akasoma: 29 na nusu. Kwa wazee, chini ya sentimita 31 ni ishara kwamba lishe na misuli vina walakini. Futi yangu mwenyewe, niliyompimia kiuno mara mbili mwaka huu na kuandika namba kwenye daftari la wateja, ilikuwa inaniambia jambo hilo tangu mwanzo. Sikuiuliza mguuni.

Tukarudi na maelekezo: ale kidogo kidogo mara 5 au 6 badala ya sahani moja kubwa, apumzike kabla ya kula, avute inhela kwanza, chakula kiwe na nguvu na protini. Chumvi ibaki chini kama ilivyo. Ainuke na kukaa kwenye kiti mara kumi, apumzike, arudie, kwa sababu chakula bila mazoezi hakirudishi msuli. Na apimwe uzito kila asubuhi, ametoka msalani, hajala, na nguo za aina ile ile.

Harusini kila aliyemkumbatia alimwambia amekuwa msichana. Niliyahesabu maneno hayo, yalikuwa mengi kuliko vidole vyangu, na kila moja lilinichoma kwa sababu la kwanza lilikuwa langu.

Basi Ijumaa 51. Jumamosi 51.4. Jumapili 52.2. Jumatatu mizani ikasema 53.3, na nawaambia ukweli, nililia kwa furaha. Niliandika namba kubwa nusu ukurasa. Nilimpigia kaka saa kumi na mbili asubuhi nikamwambia anarudi, Mama anarudi, sahani sita zinafanya kazi. Kaka naye akanyamaza kwa namna yake ile anapojizuia kulia. Nilijiona nimesamehewa.

Mchana Mama akaniomba nimvue soksi, zinambana. Nikavua. Pale mpira wa soksi ulipokaa palikuwa na mfereji mwekundu kuzunguka mguu mzima. Nikabonyeza kwa kidole gumba karibu na kifundo. Nikaondoa kidole, shimo likabaki. Nikahesabu hadi kumi na tano, likawa bado lipo. Ndipo nikakumbuka usiku ule alikuwa ameomba mto wa tatu, na mimi nilidhani ni uchovu wa harusi.

Nikapiga simu kliniki. Yule yule nesi akauliza siku ngapi, kilo ngapi, miguu ikoje, analalia mito mingapi. Akasema, “Dada, nyama haiji kwa kasi hiyo. Hayo ni maji.” Daktari akamwona siku ile ile, akamwongezea kipimo cha dawa ya kutoa maji. Moyo wake umeanza kuchoka upande wa kulia, si sana, wanasema, lakini umeanza. Na chakula cha harusi kilikuwa na chumvi ambayo siku ile sikuikagua. Nilikuwa nimefurahi mno kumwona anakula.

Jumanne 52.5, jana 51.8, leo asubuhi 51.3. Nimekaa nikishukuru kwa namba inayoshuka, wiki moja baada ya kuambiwa niiogope. Nesi amenifundisha kuandika safu mbili: kilo kila siku, na shavu la mguu mara moja kwa wiki, asubuhi kabla miguu haijavimba. Kilo zikipanda haraka, kilo 2 ndani ya siku tatu, nipige simu bila kusubiri. Zikipanda polepole kwa wiki na miezi, ndipo nifurahi. Nimezichora kwenye lile lile daftari la wateja, ukurasa wa Mama, chini ya kiuno.

Jioni hii alikuwa amelala kwa mito miwili, anapumua vizuri kuliko juzi. Nikakaa kitandani nikamuuliza. “Mama, siku ile ya gauni, uliposema unaisha, ulimaanisha nini?”

Akafikiri. “Nilisema hivyo?”

“Ulisema.”

“Sikumbuki, mwanangu.” Akavuta pumzi. “Kitambaa cha ndani ulikikata?”

Nikamwambia sikukikata. Sikati kamwe nguo yake, nakunja tu na kushona juu. Akaitikia kwa kichwa, akageukia ukutani. Hakusema zaidi, na sikumbana.

Kwa hiyo sitajua. Nimelibeba siku tisa neno ambalo mwenyewe hana habari nalo, au anasema hana ili nilale.

Sasa ni saa tano usiku na kijana wangu hajapokea simu tangu jana mchana. Aliandika kwamba anaingia kwenye mtihani. Nimetazama ratiba yake mara tatu, na wiki hii hana mtihani wowote.