Safari ya Honolulu: Kwaya Inayofuata Irabu

Nilitua Honolulu, mji mkuu wa Hawaii, jimbo la Marekani, usiku, mwili ukiwa bado Dar es Salaam, ambako saa zimetangulia 13. Hata hivyo Jumapili asubuhi sikukosa kufika kanisa la Kawaiahaʻo, maana kwaya yake ndiyo iliyonitoa nyumbani. Jengo lilikamilika 1842, kuta zake zikiwa za matofali ya matumbawe yapatayo 14,000, ambayo watu walipiga mbizi kuyakata baharini. Aliyewahi kupapasa kuta za Kilwa Kisiwani hajioni mgeni pale.

Waliimba “Ke Aloha o ka Haku”. Mimi ni mwalimu wa kwaya na masikio yangu huanza na besi, lakini siku hiyo yaling'ang'ania maneno. Silabi zote za Kihawaii huishia na irabu, karibu sawa na zetu, wala konsonanti mbili hazifuatani. Sauti inatiririka tu. Kinachoizuia ni ʻokina, mkato wa kooni ambao kwao ni herufi kamili. Kwenye neno ʻoiaʻiʻo, yaani kweli, ʻokina iko mara tatu. Soprano, alto, tena na besi waliikata kwa pamoja, kila mara, na wimbo haukukatika. Anayefundisha kwaya anajua kazi iliyo nyuma ya hapo.

Baada ya ibada, mama mmoja wa sauti ya pili alinifungulia kitabu chake akanionyesha kahakō, kistari kinachokaa juu ya irabu ya kuvutwa. Kala ni kusamehe. Kālā ni fedha. Mtunzi akiipa irabu ndefu noti fupi, au akivuta iliyo fupi, msikilizaji anaweza kupata neno jingine kabisa. Kwa hiyo maneno yanasomwa kwa sauti kwanza, ndipo tuni inatafutwa. Nikakumbuka tenzi zetu zilizotafsiriwa kutoka Kijerumani na Kiingereza, ambamo mkazo unaangukia silabi isiyo yake. Tumezizoea, lakini mimi zinaniuma kila ninapozifundisha.

Kutoka kanisani hadi jumba la kifalme la ʻIolani ni hatua chache. Malkia wa mwisho wa Hawaii, Liliʻuokalani, aliyewahi kuongoza kwaya ya Kawaiahaʻo, alipinduliwa 1893, na 1895 akafungwa katika chumba cha ghorofani humo. Magazeti alinyimwa; karatasi na penseli alipewa. Akajichorea mistari mitano ya noti. Mwanzoni hakuwa na ala yoyote, akaandika muziki kwa kutegemea sauti yake mwenyewe. Humo ndimo alimotunga wimbo niliousikia asubuhi ile, sala inayowaombea msamaha waliomfunga. Nilisimama pale hadi kundi langu la watalii likaniacha.

Mwaka 1896 sheria ilifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia shuleni, na Kihawaii kikadhoofika hadi karibu kutoweka. Kilipata hadhi ya lugha rasmi ya jimbo 1978. Miaka yote hiyo, kwaya zilikuwa miongoni mwa sehemu ambazo hakikunyamaza.

Machi ni msimu wa mashindano ya nyimbo ya Kamehameha Schools, shule za watoto wenye asili ya Kihawaii, yaliyoanza 1921. Wanafunzi huimba bila ala, na anayeongoza ni mwanafunzi mwenzao. Kuna tuzo ya pekee ya lugha, nami nauonea wivu mpango huo. Nilisikia mipangilio mizito, sauti zimerundikwa hadi maneno yamezama. Iliyonigusa ni ile ambayo tena na besi walishikilia “u” moja ndefu huku soprano wakisimulia.

Ndani ya ndege nilianza kuuhamishia wimbo wa malkia kwenye solfa, yaani noti za do, re, mi. Solfa haina alama ya ʻokina, kwa hiyo nimeweka mkwaju mdogo juu ya sauti zote nne, mahali pamoja, na kila irabu yenye kahakō nimeipa angalau pigo zima. Besi wangu watalalamika kuhusu ubeti wa pili. Hao nitaanza nao Jumanne, maneno matupu kwanza.