Mti wa hitilafu

Huu ni usiku wa tatu nahangaika na mti uleule. Kisumu inanyesha tangu jioni, stima imepotea mara mbili, na lugha ndogo ya programu ninayoiunda bado haijajua hitilafu ipi izaliwe na ipi. Mti ni mpangilio wa aina za makosa: kubwa juu, ndogo chini yake, na ukidaka ya juu, yaani ukiizuia isiangushe programu, umedaka na watoto wake.

Kinachoninyima usingizi ni mama mmoja muuza samaki pale Dunga. Mwaka jana nilimwandikia programu kwa lugha ya Python, ya kuweka kilo anazopima na kuzituma. Kwenye kutuma nilidaka Exception nzima, aina inayobeba karibu makosa yote, nikaandika ujumbe: "Hakuna mtandao, jaribu tena." Mtandao ulikuwepo. Nilikuwa nimekosea herufi moja katika jina la kigeu (jina linaloshika thamani ndani ya programu), na NameError, kosa la jina lisilojulikana, ikanaswa na wavu nilioutega kwa ajili ya mtandao. Mama akanunua bando mara mbili siku ile. Pesa nilimrudishia, lakini bado inaniuma. Programu ilimdanganya, na uongo wenyewe niliuandika mimi.

Wenye Python wameupogoa mti wao kwa uangalifu. Toleo la 2.5, mwaka 2006, liliweka BaseException kileleni na kuitoa KeyboardInterrupt chini ya Exception, ili anayebonyeza Ctrl-C kuisimamisha programu asikwamishwe na mtu aliyedaka Exception. Mwaka 2012, toleo la 3.3 likaipa OSError, kosa la mfumo wa kompyuta, watoto kama FileNotFoundError (faili haipo) na PermissionError (huna ruhusa), tukaacha kuchungulia namba za errno zinazotambulisha kosa. Kazi safi. Ila ConnectionError, kosa la mtandao, na NameError bado ni ukoo mmoja, chini ya Exception. Lugha ya Java nayo imeiweka RuntimeException, yenye makosa mengi ya mwandishi, chini ya Exception, kwa hiyo ukidaka Exception umeizoa nayo.

Leo nimeacha kuuliza kosa limetoka wapi. Nauliza anayelidaka atafanya nini. Mtandao ukikatika, atangoja kidogo ajaribu tena. Faili isipopatikana, ataomba nyingine. Jina la kigeu likikosewa, yeye hana la kufanya, ni mwandishi wa kurekebisha. Basi hilo nimelipa shina lake, Kasoro, na "daka" tupu, isiyotaja aina ya kosa, hailigusi kabisa. Programu isimame, iseme ukweli.

Kugawanya kwa sifuri ndiko kumenishinda. Nikisahau kukagua namba, ni Kasoro. Lakini mizani ikisoma kilo 0 na programu inatafuta bei ya kilo moja, hapo kosa ni la nani? Kwa sasa nimeiacha kwenye Kasoro. Asubuhi nitashuka Dunga nimwangalie mama anavyopima.