Maji Umeyaonja?

Wiki hii kibali cha nyumba ya pili kimetoka, binti yetu mkubwa ameposwa, gari limerudi kutoka gereji na bili isiyosemeka, lakini mimi bado nimesimama Utange, Mombasa, kando ya pipa la maji ya kuchanganyia zege, namtazama Mzee, mkongwe wa kazi hii, akitoa kidole mdomoni.

"Maji haya umeyaonja, mwanangu?"

"Lita 25 kwa mfuko, Mzee. Nimepima."

"Sikuuliza ni mangapi."

Hakupaza sauti. Angepaza ningepata pa kumshikia. Aliuliza vile mtu anavyokuuliza kama umefunga mlango, kisha akatema kando, mbele ya vibarua saba na yule kijana wa mashine ya zege anayeniita "madam" kana kwamba ni jina la ugonjwa.

Na siku hiyo ndiyo niliyokuwa nimejiona fundi. Lenta, yaani boriti ya zege juu ya milango na madirisha, ya mita 62, upana sentimita 20, kimo 20. Ringi, vile vyuma vya mraba vya kufungia nondo, zilikuja zimekunjwa 15 kwa 15. Hesabu ni ya mtoto: 20 toa 15 ni 5, gawa pande mbili, chuma kimefunikwa na zege la sentimita mbili na nusu tu. Huku kwetu, ambako hata upepo una chumvi, nataka nne. Nikazikataa zote 310, zikakatwa nyingine za 12 kwa 12. Zile za kwanza hazikupotea: nguzo za baraza ni sentimita 23, na 15 ndani ya 23 inaacha nne kila upande. Biskuti za kuinulia chuma tulizimimina wiki moja kabla, kimo sentimita 4, zikalala majini mpaka zikakomaa, maana biskuti mbichi huvunjika chini ya nondo na chuma kikashuka hadi kwenye mbao.

Boksi la kupimia nalo lilikuwepo. 40 kwa 35 kwa kina cha 25, lita 35, ambazo ni karibu sawa na ujazo wa mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50. Mchanga boksi moja na nusu, kokoto maboksi matatu. Mafundi wengi hupima kwa wilbaro, na wilbaro ya saa nne asubuhi si wilbaro ya saa tisa. Mkono ukichoka, mzigo hushuka bila mtu kuamua. Mifuko 20, kwa hivyo maji lita 500, pungufu kidogo kwa sababu mchanga ulikuwa umelowa. Kila kitu kwenye daftari. Miaka 19 ya karatasi za kontena haikwenda bure.

Ila mfereji ulikuwa mkavu siku ya tatu, kijana akachota kisima cha jirani, nami nikayaona maji meupe kama kioo nikapita zangu. Mimi! Siwezi kuepua mchuzi bila kuonja. Nyumbani hata chai ya mtu naionja.

"Na mchanga?" Mzee akauliza.

Mchanga nilikuwa na jibu lake. Niliutia kwenye chupa ya kioo, nikajaza maji, nikatikisa, nikauacha utulie. Tabaka la tope juu lilikuwa jembamba. Nikamweleza. Akatikisa kichwa polepole, akachukua chembe mbili tatu akazitia ulimini. Akatafuna kidogo. Akaenda kukaa juu ya mawe, akafungua tambuu yake. Mchanga umepita, nikafahamu. Hakusema.

Maji tuliyamwaga barabarani kutuliza vumbi. Ukaja mkokoteni wa madumu 25 ya lita 20, tukaanza saa mbili nyuma ya ratiba, tukamaliza jua likizama.

Usiku nikakaa kutafuta mahali Mzee alipokosea. Nasema ukweli, hilo ndilo nililokuwa nikitafuta. Kwamba chumvi ni mbaya nilijua, si hilo. Chuma ndani ya zege zuri hakishiki kutu kwa sababu saruji ni kali na hukivisha ngozi nyembamba ya kukilinda. Kloraidi ya chumvi huitoboa ngozi hiyo. Kutu ikianza hutaka nafasi, huwa kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa, na zege haina pa kusogea, basi hupasuka. Zile lenta za mjini zilizopasuka ufa mrefu ulionyooka, sambamba na nondo, kisha kipande kikaanguka na chuma chekundu kikachungulia, ndiyo hadithi yake. Na ukiitia chumvi kwenye pipa la kuchanganyia, zile sentimita nne zangu hazina kazi. Mlinzi yuko mlangoni, mwizi kashalala ndani.

Nilichotaka kujua ni kama ulimi ni kipimo. Kiwango cha Ulaya cha maji ya zege, EN 1008, kinaruhusu kloraidi hadi miligramu 1,000 kwa lita pakiwa na chuma ndani. Na ulimi wa binadamu huanza kuihisi kloraidi ikifika kama 250. Maana yake ulimi hupiga kelele mapema, kabla ya hatari. Nikafunga simu. Mzee hakukosea, na nilikuwa sina hata wa kumlalamikia, baba watoto keshalala.

Alhamisi nikarudi na chupa ya maji ya kisima kile, maana bado lilikuwa linaniwasha. Nikapanga gilasi tatu mezani: ya mfereji, ya kisima, na ya kisima nusu mfereji nusu. Nikaonja mwenyewe kwanza. Jamani, maji ya kisima niliyaona matamu! Nikaonja tena. Matamu. Baba watoto, mtu wa bara, akaichukua gilasi hiyo hiyo, akakunja uso akakimbilia sinki. "Haya ni ya bahari!" Kitinda mimba akaonja, akanitazama mimi, akamtazama babake, akasema hajui.

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Mimi nimelelewa na kisima Kisauni. Utoto mzima nimekunywa chumvi nikaiita maji. Mzee kwao ni Kaloleni, mbali na bahari, kaonja maji ya mvua tangu kuzaliwa. Kwa hivyo hata kama Jumanne ningeonja, ningeyapitisha, tena kwa kifua mbele, na daftarini ningeandika "yameonjwa". Sijui kwa nini jambo hilo limenifurahisha hivi. Swali lake bado linauma, lakini sasa linauma kwa namna ya kuchekesha.

Chupa ya pili nimeipeleka maabara, lita mbili, chupa iliyosuuzwa kwa maji yale yale. Majibu Jumatatu. Ulimi wenyewe una mipaka hata ukiwa wa Kaloleni: salfeti kidogo, chumvi nyingine inayoiharibu saruji, hauisikii. Na kuna sukari. Madumu ya mikokoteni yetu mengi yalikuwa ya mafuta ya kupikia, mengine ya sharubati, na sukari kidogo tu huichelewesha saruji kushika. Unaweza kurudi asubuhi ukakuta zege bado laini. Tangu Jumatano kila dumu linanuswa kabla ya kumiminwa. Kijana wa mashine ananusa kwa madaha yote, halafu ananiita madam.

Lenta tumeifunika magunia, nayo tunayalowesha asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba, na kaskazi hii inayokausha, mara tatu ni chache. Maji matamu, bila shaka. Kulilowesha zege changa kwa maji ya chumvi ni kulinywesha sumu polepole. Mzee hupita, hugusa gunia, hulamba kidole. Sijui kama ananitania.

Friji imeanza tena ule mngurumo wake wa mwezi uliopita, na ndani mna kilo nne za nguru wa wageni wa Jumapili. Nimeigonga ubavuni, ikanyamaza. Sasa naogopa kuifungua.